Maji ya Istiska Yanapoingiwa na Vijidudu

Tumtie machoni mtu wa makamo, seremala wa majahazi, aliyekuwa na nguvu za mikono hata watu wakimtolea mfano, ambaye kwa muda wa mwaka mmoja tumbo lake limekuwa likijaa maji kidogo kidogo mpaka kitovu kikajitokeza nje kama kifungo, ilhali mabega na mapaja yakizidi kukonda. Miguu imevimba, macho yana umanjano hafifu, na tabibu amekwisha kuwaambia jamaa zake kwamba ini limesinyaa. Mtu huyu ameletwa hospitali kwa kuwa tumbo linambana pumzi. Hana homa. Hasemi kwamba tumbo lamuuma, ila kwamba lamlemea. Lakini asubuhi ya leo, mkewe alipokuwa akimnywesha uji, mgonjwa alimwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, kisha akasinzia tena. Na jamaa walipoulizwa kuna jipya gani, wakajibu kwamba hakuna, amechoka tu kwa kukosa usingizi.

Jina lile alilolikosea ndilo habari kubwa ya siku ile. Maji yaliyomo tumboni mwake, ambayo juzi hayakuwa na dosari, yamekwisha kuingiwa na bakteria, bila ya jeraha, bila ya utumbo kutoboka, bila ya mtu yeyote kumpasua. Wala si ajabu kwamba hapana aliyeshuku, kwa maana maradhi haya huanza kimya, na aghalabu hutoa ishara zake mahali pasipotazamiwa. Muradi wa uchambuzi huu ni kuyaeleza tangu asili yake, jinsi yanavyoingia, yanavyogunduliwa, yanavyotibiwa na yanavyozuiwa; nami naona ni haki niseme mapema hukumu yangu, ili msomaji aipime kadiri tunavyoendelea: kwamba katika maradhi haya uzito wote umo katika siku ya kwanza, na mtu mwenye ini lililosinyaa na maji tumboni, alazwapo hospitali kwa sababu yoyote iwayo, maji yake yachotwe na kuhesabiwa siku ile ile, pasipo kungoja homa wala maumivu.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kadiri ya kilo moja na nusu, na kazi yake mojawapo ni kupokea damu yote itokayo katika tumbo la chakula, utumbo, kongosho na bandama, likaichuja na kuitengeneza kabla haijarudi moyoni. Likijeruhiwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, hujiponya kwa makovu. Na makovu yakizidi huligawa katika vinundu vigumu, likanywea na kukakamaa, mpaka damu iliyokuwa ikipita kwa wepesi ikawa haina pa kupita. Hali hii ndiyo iitwayo sirosisi, jina lililotolewa mwaka 1819 na Mfaransa René Laennec, tabibu yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano ielekeayo hudhurungi, kwa kuwa ndivyo alivyoliona ini hilo katika maiti alizopasua. Sisi husema tu kwamba ini limesinyaa, na msemo huo unatosha. Sababu zake ni nyingi: kwetu Afrika ya Mashariki iliyo kubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo wengi huvipata utotoni wakaishi navyo miaka thelathini au arubaini bila ya kujua; na pamoja navyo kuna pombe, na siku hizi mafuta yanayojikusanya katika ini la mwenye unene na kisukari. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha matumbo, ambacho kwa kweli hakilisinyazi ini kwa namna ile ile, bali huizungushia makovu mishipa yake. Walakini damu huzuilika vivyo hivyo, na wagonjwa wa namna zote mbili hulala wodi moja.

Damu ikizuiliwa mlangoni mwa ini, shinikizo hupanda katika mishipa yote iliyo nyuma yake. Figo nazo hudanganyika, zikadhani mwili umepungukiwa, zikashika chumvi na maji badala ya kuyatoa. Na ini lenyewe halina tena nguvu ya kutengeneza alibumini ya kutosha, ile protini izuiayo maji yasitoke mishipani. Basi maji huvuja na kujikusanya katika uwazi wa tumbo, lita tano, lita kumi, pengine zaidi. Wazee wa pwani waliyaita maradhi haya istiska, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kutaka maji, na ndilo hilo hilo litumikalo kwa sala ya kuomba mvua. Nami kila nilikutapo jina hili hustaajabia jinsi waliolitoa walivyoona vema, kwa kuwa mgonjwa wa istiska hushikwa na kiu ilhali amejaa maji, na mwili wake kwa hakika watafuta maji ambayo tayari umeyameza ukayaweka mahali pasipofaa.

Sasa tufike penye kiini. Katika utumbo wa kila mwanadamu wanaishi bakteria wasiohesabika, nao humo ndani si maadui, kwa kuwa hutusaidia kusaga chakula na kutengeneza baadhi ya vitamini. Kinachotulinda nao ni ukuta wa utumbo, ambao chembe zake zimeshikamana barabara, na nyuma ya ukuta huo kuna tezi ndogo za kinga zilizopangwa katika utando ushikao matumbo, na nyuma ya tezi hizo ni ini, ambalo kuta za vijishipa vyake zimejaa chembe za ulinzi zinazomeza kila kilichoponyoka. Mtu mwenye afya huvuja bakteria mmoja mmoja pengine kila siku, wakaishia njiani asijue. Katika mwenye ini lililosinyaa ulinzi huu hubomoka safu baada ya safu: utumbo uliovimba kwa shinikizo la damu hulegea viungio vyake, mwendo wa chakula hupunguka kasi, na bakteria, ambao katika utumbo mwembamba wa juu huwa wachache, huongezeka na kupanda mahali wasipozoea kukaa, tezi hushindwa kuwaua, na damu, kwa kuwa njia ya ini imezibwa, hujitafutia vichochoro vya kando na kufika moyoni bila ya kuchujwa. Bakteria wakishaingia damuni huzunguka mwili mzima. Kwingineko wataonana na damu yenye silaha. Tumboni watakuta ziwa lililotulia, lenye joto, lisilo na mlinzi.

Kwa nini lisiwe na mlinzi? Kwa sababu maji ya istiska ya ini ni mepesi mno. Zile protini ambazo huwapaka bakteria alama ili chembe nyeupe ziwatambue na kuwameza, nazo pia hutengenezwa na ini, na humo zimepungua sana. Ndiyo maana wataalamu huyapima maji haya protini, na ikiwa ni chini ya gramu 15 katika lita humwona mgonjwa kuwa yumo katika hatari iliyozidi ya wengine. Wakosaji wenyewe si wageni: wengi ni wale wale wa utumboni, *Escherichia coli* na *Klebsiella pneumoniae*, na pamoja nao jamii ya *Streptococcus*. Nao kwa kawaida huja aina moja peke yake. Zingatia jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: ukiona katika maji hayo bakteria wa aina mbili tatu kwa pamoja, maradhi uliyo nayo mbele yako ni mengine.

Maradhi yenyewe ni ya kale, lakini kutambuliwa kwake ni kwa juzi. Ludwig van Beethoven, mtunzi mashuhuri wa muziki, alifariki Vienna tarehe 26 Machi 1827 akiwa na tumbo lililojaa maji, baada ya kutobolewa mara nne tangu Desemba ya mwaka uliotangulia; waliompasua walikuta ini lililonywea na kuwa gumu lenye vinundu, na mwaka 2023 wataalamu waliochunguza nywele zake walikuta humo chembechembe za urithi wa virusi vya homa ya ini aina ya B, virusi vile vile tunavyovizungumzia. Matabibu wake waliyatoa maji yale kwa ndoo ili kumpunguzia dhiki, wakayatazama rangi yake, wakaishia hapo, kwa maana hapakuwa na la kufanya zaidi; bakteria walikuwa bado hawajahusishwa na maradhi. Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya Waingereza, mwaka 1963, na Mmarekani Harold Conn, mwaka 1964, kuandika bayana juu ya wagonjwa wa ini ambao maji yao ya tumboni yaliingiwa na bakteria pasipo sababu ya kuonekana tumboni. Conn ndiye aliyeyapa maradhi haya jina lenye kusema kwamba hujitokea yenyewe. Katika siku zile, kati ya wagonjwa mia walikufa zaidi ya tisini. Siku hizi, palipo na utambuzi wa mapema na dawa zifaazo, hufa wapatao ishirini katika mia. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na mambo mawili yasiyo na fahari yoyote, sindano ya kuchotea maji na chupa ya kiuavijasumu.

Tatizo ni kwamba mgonjwa hawezi kuaminiwa kutoa habari za maradhi haya, wala si kosa lake. Mtu ambaye utumbo wake umetoboka hulala kimya, tumbo limekakamaa kama ubao, hata kitanda kikiguswa hulia; kwa kuwa tando mbili zilizowaka zinasuguana. Mwenye istiska tando zake zimetenganishwa na maji, haziguswi, basi hakuna msuguano wala ukakamavu. Homa huwapo kwa wengine na kwa wengine haipo, kwa kuwa mwili uliochakaa hauna kuni za kuwasha moto huo. Huonekana mambo madogo: kuchanganyikiwa, mikono inayotetemeka inaponyooshwa mbele, mkojo uliopungua, kutapika, kuharisha, shinikizo la damu lililoshuka kidogo, umanjano uliozidi bila ya sababu, au dawa za kukojoza ambazo jana zilifanya kazi na leo hazifanyi. Wako hata wasio na dalili hata moja. Kati ya wagonjwa wa istiska wanaolazwa hospitali, kumi hadi thelathini katika mia huwa nayo maambukizi haya, na ndiyo sababu kungoja dalili ni kungoja ajali.

Nataka kuieleza kazi ya kuchota maji kwa karibu, kwa kuwa wanaoihofia wengi wao hawajapata kuiona ikifanywa kwa utulivu. Mgonjwa huenda haja ndogo kwanza, ili kibofu kisiwe njiani. Kisha hulazwa chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, ameegemea upande wa kushoto ili maji yajikusanye huko. Tabibu hutafuta kwa vidole ule mfupa wa nyonga unaochomoza mbele, akapima vidole viwili vitatu juu yake na kuelekea ndani, akagonga kwa kidole juu ya kidole mpaka asikie sauti nzito ya maji. Hapo husafisha, hutia ganzi, na kabla ya kuingiza sindano huivuta ngozi chini kidogo kwa mkono wa pili, ili sindano ikitoka na ngozi ikarudi mahali pake, tundu la ngozi na tundu la ndani visikutane na maji yasivuje. Sindano hupita, pana ukinzani mdogo, halafu hapana tena, na maji ya rangi ya mkonge mkavu hupanda katika bomba. Mililita 10 hutiwa katika chupa ya kuoteshea bakteria papo hapo kitandani, kiasi kidogo katika kichupa cha maabara cha kuhesabia chembe, na kiasi kingine cha kupima protini. Kisha pamba na plasta. Kazi yote haizidi robo saa.

Kwa nini kitandani, na si kuyapeleka maabara yakatiwe chupani huko? Hapa pana jambo ambalo limewapotosha wengi. Bakteria wa maradhi haya ni wachache mno, pengine mmoja tu katika kila mililita ya maji, na maji yakikaa katika kichupa kikavu mpaka jioni, wao hufa njiani. Kwa njia hiyo ya zamani nusu ya wagonjwa au zaidi maji yao hayakuota kitu, watu wakaambiwa kwamba hawana maambukizi ilhali wanayo. Kwa chupa za kitandani wanaopatikana hufika hata themanini katika mia. Lakini hata hivyo hukumu haitolewi kwa kuota. Hukumu hutolewa kwa hesabu ya chembe nyeupe za aina ya nutrofili: zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, maambukizi yapo, na dawa ianze saa ile, matokeo ya kuotesha yakija kesho au keshokutwa yatumike kuirekebisha. Na hesabu hii haihitaji mashine ya fahari. Fundi wa maabara anayesoma malaria kwa hadubini, akiwa na kioo cha kuhesabia chembe na rangi ya kuzibainisha, aweza kuifanya. Ilijaribiwa njia nyepesi zaidi, ile karatasi ya kupimia mkojo ikachovywa katika maji ya tumbo, na wengi tulitamani ifaulu kwa ajili ya vituo vya mbali. Majaribio makubwa yakaonyesha kwamba huwapita wagonjwa wengi mno, nami nashauri isitegemewe. Wala jicho lisitegemewe: maji yenye ukungu ni ya kushukiwa, lakini maji meupe hayamtakasi mtu.

Hofu inayozuia sindano hii ni hofu ya damu. Mwenye ini lililosinyaa damu yake haigandi upesi katika kipimo, na kwa kuona namba hiyo daktari mwangalifu huagiza plazma kwanza, plazma haipo benki ya damu, siku ikapita, ya pili ikapita. Uangalifu huu una nia njema, lakini haukujengwa juu ya ithibati, kwa kuwa uzoefu wa maelfu ya sindano umeonyesha kwamba kutokwa damu kwa hatari hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja katika mia, hata kwa wale wenye namba mbaya, na kwamba plazma ya kujikinga haina haja. Upande wa pili wa mizani tuuweke nao: mwaka 2014 Wamarekani waliwafuatilia wagonjwa 239 wa maradhi haya, wakakuta kwamba waliochotwa maji ndani ya saa 12 za kufika hospitali walikufa 13 katika mia, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo walikufa 27 katika mia. Mara mbili, kwa ajili ya usiku mmoja. Sijui hesabu nyingine katika elimu hii ambayo ingepasa kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha mapokezi kabla ya hiyo.

Si kila maji yenye chembe nyeupe, lakini, ni ya maradhi haya. Kuna utumbo uliotoboka au jipu lililopasuka kwa mtu ambaye pia ana istiska, naye akipewa dawa tu bila ya kupelekwa kwa mpasuaji atakufa. Huyu hujulikana kwa bakteria wa aina nyingi kwa pamoja, protini iliyopanda, sukari iliyoshuka sana katika maji, na chembe zisizopungua baada ya siku mbili za dawa. Na kwetu kuna kifua kikuu cha tumbo, ambacho nakitaja kwa mkazo kwa sababu vitabu vya Ulaya hukipita upesi. Maji yake nayo hujaa chembe nyeupe, lakini ni limfositi, si nutrofili, na mwendo wake ni wa wiki na miezi, pamoja na jasho la usiku na kukonda. Tabibu asemaye tu kwamba chembe zimepanda, bila ya kusema ni za aina gani, hajasema kitu.

Ama matibabu, msingi wake umesimama tangu mwaka 1985, pale Wahispania walipoonyesha kwamba sefotaksimu peke yake huwashinda ampisilini na tobramisini kwa pamoja, tena bila ya kuzidhuru figo. Sefotaksimu, au ndugu yake seftriaksoni ambayo hupatikana kwetu kwa wepesi zaidi, hutolewa kwa mshipa kwa siku 5. Gentamisini na jamii yake ziepukwe kabisa, pamoja na diklofenaki na dawa za maumivu za ukoo huo, maana figo za mgonjwa huyu zimesimama ukingoni na kidogo tu huzisukuma. Baada ya saa 48 ni hekima kuchota tena: nutrofili zisipopungua kwa angalau robo, ama bakteria ni sugu kwa dawa hiyo ama maradhi ni mengine, na kuendelea na dawa ile ile ni kupoteza siku.

Lakini dawa huwaua bakteria, haizirudishii figo damu. Mwaka 1999 walichapisha tena Wahispania habari za wagonjwa 126, nusu wakipewa kiuavijasumu pekee na nusu wakiongezewa alibumini ya mshipa, gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mwili siku ya kwanza, na gramu moja kwa kilo siku ya tatu. Figo zilishindwa kwa 33 katika mia wa kundi la kwanza na kwa 10 katika mia wa la pili, na waliokufa hospitalini walikuwa 29 katika mia dhidi ya 10. Haya ni matokeo ambayo mtu hawezi kuyapuuza. Hapo hapo tufanye hesabu ya seremala wetu mwenye kilo 60: atahitaji gramu 90 siku ya kwanza na 60 siku ya tatu, jumla 150, na chupa ya mililita 100 ya alibumini ya asilimia 20 ina gramu 20, yaani chupa nane, ambazo katika hospitali nyingi zetu jamaa ndio watakaotumwa kuzinunua. Kwa maoni yangu, palipo na uhaba, wasizikose wale ambao kreatinini, urea au nyongo ya damu yao imepanda, kwa kuwa hao ndio hasa ambao figo zao hufa. Na aliye na vipimo hivyo vizuri aweza kungoja akiangaliwa. Kugawa kidogo kwa kila mtu, kama tufanyavyo kwa huruma, ni kuwanyima wote.

Kuna wingu limeanza kuifunika habari njema hii. Bakteria waliozoea dawa wanaongezeka, hasa katika wagonjwa walioambukizwa wakiwa wodini au waliokwisha kula viuavijasumu mara nyingi, na seftriaksoni, kwa kuwa imetumika kwa kila homa na kila kikohozi, inapoteza makali yake. Hapa ndipo chupa ya kuoteshea inapolipa gharama yake: bila ya kujua ni bakteria gani na anakufa kwa dawa ipi, tabibu anapiga mishale gizani, na kila mshale unawafundisha bakteria.

Juu ya kinga sitakawia. Aliyepata maradhi haya mara moja huwa karibu kuyapata tena. Utafiti wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba kwa kidonge kimoja cha norfloksasini kila siku marudio ya mwaka hushuka kutoka 68 katika mia hadi 20, na mahali norfloksasini isipopatikana hutumika siprofloksasini au ko-trimoksazoli, ile ambayo wengi huiita septrini. Mwenye ini lililosinyaa anayetapika damu naye apewe seftriaksoni gramu moja kwa siku, hata siku saba, tangu saa aingiapo, maana bakteria hupenya wakati wa kutokwa damu. Kwa mtu ambaye hajapata kuambukizwa wala hatokwi damu, naona ni busara kuvitoa vidonge kwa uchache mno, kwa sababu ya usugu nilioutaja. Na omeprazoli, inayomezwa siku hizi kwa kila kiungulia, isiandikwe kwa wagonjwa hawa bila ya sababu ya kweli, kwa kuwa asidi ya tumbo ni mlinzi mmojawapo.

Mtu akipona, tusimwambie kwamba yamekwisha. Kati ya waliopona mara ya kwanza, wanaoufikia mwaka mmoja ni thelathini hadi hamsini katika mia, kwa kuwa maambukizi haya ni ishara kwamba ini limefika mwisho wa akiba yake. Tiba ya kweli ni kubadilishwa ini, ambayo wenye uwezo huifuata India, na wasio na uwezo husikia habari zake. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini ni sehemu ya mazungumzo haya, ingawa haimgusi tena aliye kitandani. Kenya iliwaanzishia watoto wachanga chanjo hiyo mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002. Basi karibu kila mtu mzima aliyevuka miaka ishirini na mitano alizaliwa kabla yake, na wodi zetu zitaendelea kupokea maseremala, wakulima na mama lishe wenye istiska kwa miaka mingi ijayo.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaoketi kando ya vitanda hivyo, mnaobadilisha shuka na kupeleka uji, kwa maana ninyi ndio mnaomjua mgonjwa wenu alivyokuwa jana. Akikosea jina, akilala mchana asiamke sawasawa, mkojo ukipungua, msiseme amechoka; mwambieni muuguzi saa ile ile. Na siku ya kwanza ya kulazwa, kabla ya kuondoka wodini jioni, mwulizeni daktari kwa adabu: maji ya tumbo ya mzee wetu yamepimwa leo?